Shukrani Humpa Mtu Moyo

 Maneno yetu ya leo si ya mambo ya mbali. Twataka kusema juu ya mambo mawili yanayotukuta kila siku, nayo ni kushukuru na kupata ujasiri. Watu wengi huyaweka mambo haya mbalimbali. Hudhani ya kuwa shukrani ni adabu ya watoto na wanyonge, na ujasiri ni kazi ya askari na wawindaji wa simba. Sisi twaona ya kuwa hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, na mtu asiyejua kushukuru ataona taabu kubwa kupata ujasiri siku atakapouhitaji. Basi na tufikiri pamoja, tuone kama neno hili lina kweli ndani yake.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana sisi walimu ndiyo desturi yetu. Neno "asante" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni "umefanya vema". Kwa hiyo anayesema asante hasemi tu kwamba amefurahi. Ashuhudia kwamba mwenziwe ametenda jambo jema. Na ushahidi, kama mjuavyo, wataka mtu aliyeona. Mtu apitaye katika maisha yake bila kuangalia ni nani aliyemtekea maji na ni nani aliyemfagilia njia, huyo hana la kushuhudia.

Ama ujasiri, lugha yetu huuweka moyoni. Twamwambia mwenye hofu, "Jipe moyo," au "Piga moyo konde." Na wazee wetu walituachia methali isemayo, Moyo kabla ya silaha. Hawakusema kwamba shujaa ni mtu asiye na hofu. Walijua ya kuwa hofu anayo kila mwenye akili. Walisema tu kwamba mkuki katika mkono wa mtu asiye na moyo ni kama ufito. Sasa swali letu la leo ni hili: moyo huo mtu aupata wapi?

Nendeni kisimani asubuhi mkatazame akina mama. Mtungi ukiwa mdogo, mtu hujitwika mwenyewe. Lakini mtungi mkubwa ukijaa, hata mwanamke mwenye nguvu hawezi kuuinua peke yake mpaka kichwani. Huweka kata yake juu ya kichwa, huinama, na mwenziwe humtwika. Baada ya hapo atakwenda peke yake, shingo yake ndiyo itakayochukua uzito, na miguu yake ndiyo itakayopanda mlima. Walakini mwanzo wa safari ile ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Twaona kwamba maisha yetu yote ni vivyo hivyo. Hakuna mzigo mzito tuuchukuao ambao hatukutwikwa na mtu. Anayelikumbuka jambo hilo ni mwenye shukrani, na huyo huyo ndiye apatae moyo njiani, kwa sababu ajua kwamba hakuanza peke yake.

Tutatoa mfano mmoja mkubwa. Umo katika jina ambalo wengi wetu hulitaja kila juma bila kulifikiri. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kununua kanga, ndoo au mchele, husema, "Naenda Kariakoo." Mtu wa Nairobi naye ana Kariokor yake. Majina haya mawili ni neno moja la Kiingereza, Carrier Corps, lililogeuzwa na ulimi wetu. Maana yake ni kikosi cha wapagazi.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana katika nchi kubwa yenye njia chache. Reli zilikuwapo, ya Mombasa hata Kisumu, ya Tanga hata Moshi, na ya Dar es Salaam hata Kigoma. Lakini vita haikukaa kando ya reli. Iliingia porini, ikavuka mto Rufiji, ikafika mpaka Msumbiji. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa maradhi ya mbung'o. Magari yalizama katika matope ya masika. Ikabaki bega na kichwa cha mwanadamu.

Tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 50 hivi. Tuseme mzigo wake ni unga, naye ala ratili 2 kwa siku. Akienda safari ya siku 10, na kurudi siku 10, atakuwa amekula ratili 40 za mzigo ule ule. Basi walio mbele watapata ratili 10 tu kutoka kwake. Na safari nyingine zilikuwa ndefu kuliko hiyo. Kwa hesabu hii mtafahamu kwa nini watu walitakiwa kwa malaki, na kwa nini mwaka 1917 uandikishaji uliongezwa kwa nguvu vijijini. Wako waliokwenda kwa hiari yao kwa ajili ya mshahara, na wako wengi waliochukuliwa bila kupenda.

Askari ana bunduki ya kumjibu adui. Mpagazi hakuwa na kitu cha kujibu. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hapakuwa na nafasi wala kuni kavu za kuupika hata uive. Kuhara damu, homa ya mapafu na malaria ziliua wengi kuliko risasi. Hesabu za serikali ya Uingereza yenyewe zaonyesha kwamba wapagazi wa upande wake waliokufa walizidi 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ilipita hapo. Upande wa Wajerumani wapagazi wengi hata hawakuandikwa katika daftari. Na vita ilipokwisha, jeshi la Wajerumani likaweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, mahali ambapo sasa ni Mbala katika nchi ya Zambia, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Jamaa, tumesema ujasiri ni nini? Twadhani mpagazi yule atufundisha kuliko vitabu vya vita. Ujasiri wake haukuwa wa saa moja yenye kelele na baruti. Ulikuwa wa kila alfajiri. Bega linauma, mvua yanyesha, rafiki wa jana amezikwa kando ya njia. Naye huinama tena, na mwenziwe humtwika tena. Hakuna aliyemwimbia. Ujasiri wa namna hii ndio unaotufaa sisi watu wa kawaida, kwa kuwa wengi wetu hatutaitwa kupambana na simba, ila sote tutaitwa kuamka kesho na kuuinua mzigo ule ule wa leo.

Na shukrani je? Tuangalie ilivyokuja. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, na sanamu za namna hiyo zikasimamishwa pia Nairobi na Mombasa. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ni jambo jema. Lakini sanamu si jina. Makaburi ya wengi wengine wa vita ile yaliandikwa jina kwa jina, na wapagazi walipita bila kuandikwa. Ikawa hivyo muda wa miaka mia na zaidi. Hata mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa watu wa Afrika ya Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi ule ule. Tena mwezi wa Januari 2025, katika mji wa Cape Town, ukumbusho ulifunguliwa wa Waafrika 1,772 wa vikosi vya kazi, na kila jina likawekwa katika nguzo yake ya mti wa mvule.

Mtu aweza kusema, "Wafu watafaidi nini?" Sisi twajibu kwamba shukrani iliyochelewa ni bora kuliko isiyokuja. Twajibu pia kwamba jambo hili latuonyesha jinsi shukrani yenyewe inavyotaka ujasiri. Si rahisi kwa wakubwa kusema mbele ya watu, "Tulibebwa na watu hawa, nasi hatukuandika majina yao." Si rahisi kwa taifa, wala si rahisi kwa mtu mmoja nyumbani mwake.

Hapa yatupasa kuondoa kosa moja. Wako watu wanaoitumia shukrani kuwafunga wenzao midomo. Wamwambia mfanyakazi asiyelipwa, "Shukuru hata umepata kazi." Wamwambia mtoto yatima anayepigwa, "Shukuru umepata pa kulala." Hiyo si shukrani, ni hila. Mpagazi aliyekokotwa kutoka shambani kwake hakuwa na deni la asante kwa yeyote. Deni lilikuwa juu ya wale aliowachukulia mizigo. Mwenye kutenda mema kisha akadai kushukuriwa maisha yako yote, huyo alikukopesha kwa riba. Shukrani ya kweli hutoka kwa aliyebebwa kwenda kwa aliyebeba, nayo haizuii haki kudaiwa. Bali mwenye shukrani ya kweli ndiye awezaye kudai haki ya mwenziwe kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu ameiona kazi yake kwa macho.

Tena wazee husema, Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi huitumia methali hii kuwashauri watu wajihadhari. Nasi hatuikatai, mtu asijitie katika hatari bure. Walakini tuitazame kwa upande wa pili. Kama kilio huenda kwa shujaa, basi nyumba ya shujaa yatudai. Kicheko kilichomo katika nyumba zetu usiku huu kimelipiwa na mtu fulani aliyelia. Yawezekana ni mama aliyekesha, au mkunga aliyevuka mto gizani, au baba aliyekwenda mbali kufanya kazi ya kuvunja mgongo. Tukilifikiri neno hili, woga wetu huona haya.

Katika kazi yetu ya kuwafundisha watakaokuwa walimu twaliona jambo hili mwaka hata mwaka. Hufika siku ambayo mwanafunzi hupelekwa kufundisha darasa kwa mara ya kwanza. Watoto 50 wamtazama. Chaki hukatika mkononi, na maneno yote aliyoyaandika usiku humtoroka. Twamkumbuka kijana mmoja ambaye hofu ilimshika kabisa. Alikuja kwetu jioni, akasema ataka kurudi kwao, kwa kuwa Mungu hakumwumba kusimama mbele za watu. Hatukubishana naye juu ya hofu yake. Tulimpa karatasi, tukamwomba aandike ni nani na nani waliomtwika mpaka akafika chuoni.

Aliandika muda mrefu kuliko tulivyodhani. Aliandika mama yake, aliyekaanga vitumbua kabla ya jua kupanda ili apate ada. Aliandika babu yake, aliyeuza mbuzi. Aliandika jirani aliyemwazima viatu. Mwisho aliandika dada yake, aliyeacha shule katika darasa la pili ili yeye mdogo wake apate kuendelea, kwa maana nyumbani hapakuwa na fedha ya watoto wawili. Alipofika kwa dada yake aliweka kalamu chini, akanyamaza.

Asubuhi yake aliingia darasani. Hatutawadanganya kwamba alifundisha vizuri. Sauti yake ilitetemeka toka mwanzo hata mwisho, na hesabu moja aliiandika mara mbili. Lakini hakutoka mpaka kengele ilipolia. Tulipomwuliza kama hofu imekwisha, alijibu, "Haikwisha, mwalimu. Ila niliona kwamba sikuingia peke yangu."

Juma lile alimwandikia dada yake barua. Hakuwa amepata kumshukuru hata siku moja. Alidhani kwamba kwa ndugu hakuna haja. Baada ya siku nyingi jibu lilikuja, limeandikwa kwa mkono wa jirani. Dada yule aliuliza kama mtu wa umri wake aweza kurudi kusoma, au watu watamcheka. Ndugu yake alituambia kwamba hakuwahi kumsikia akilitamka jambo lile. Basi angalieni, jamaa: shukrani ilimpa moyo aliyeitoa, kisha ikampa moyo aliyeipokea. Mtu aliyejiona kama jiwe la kukanyagia alipoambiwa kwa maneno wazi, "Umefanya vema," aliona kwamba na yeye ana thamani, akathubutu kuomba kitu kwa ajili ya nafsi yake. Alianza masomo ya watu wazima miezi michache baadaye, na wako waliomcheka. Hakuacha.

Sasa tufanyeje? Tutasema mambo matatu tu, maana mashauri mengi husahauliwa kabla ya chakula.

Jambo la kwanza, tushukuru kwa jina na kwa tendo. Kusema "asante sana kwa yote" ni rahisi, nayo hupita kama upepo. Lakini ukimwambia mtu, "Asante kwa kunitunzia mtoto siku ile nilipokwenda hospitali," umeshuhudia kweli, naye ajua kwamba ulimwona. Kosa la Vita Kuu lilikuwa hilo hilo, ya kwamba watu walishukuriwa kwa jumla, majina yao yakaachwa.

Jambo la pili, tuwashukuru walio chini yetu mbele za watu. Kumshukuru mkubwa hakuna shida, kwa kuwa twatumaini kupata zaidi. Ujasiri umo katika kumshukuru mtoto, mtumishi, mchukuzi wa sokoni aliyechukua gunia lako mpaka garini. Hata sasa katika Kariakoo ile ile wako vijana wachukuao mizigo mabegani na wenye kuvuta mikokoteni juani. Ukimlipa mtu haki yake bila kupunguza, na ukamwambia asante ukimtazama usoni, hujapungukiwa na kitu. Wazee walisema, Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Jambo la tatu, siku ya hofu tuhesabu waliotutwika. Hofu zetu ni nyingi. Mmoja aogopa kusema kweli barazani kwa sababu mwenye makosa ni tajiri. Mwingine aogopa kwenda kwa mganga wa hospitali akasikie habari ya ugonjwa wake. Mwingine amefiwa, naye aogopa kuianza siku. Hatusemi kwamba hesabu hii itaiondoa hofu. Twasema kwamba mtu akikaa kimya, akataja moyoni watu watatu tu waliomchukua mpaka hapo alipo, ataona haya kuuangusha mzigo waliomtwika. Na haya hiyo ni mwanzo mzuri wa ujasiri.

Na ikiwa yuko mtu asikilizaye sasa ambaye hana wa kumtaja, aliyetupwa na kila mtu, twamwambia hivi: wewe anza kwa kumtwika mwingine. Wako watu walioanza safari yao hivyo, na siku moja jina lao litatajwa katika hesabu ya mtu wasiyemdhania.

Basi, jamaa, kabla ya kulala leo, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliye hai ambaye hajamshukuru, amwambie. Akiwa mbali, aandikiwe barua. Kesho huenda akawa hayupo, nasi tutabaki tukitafuta mti wa mvule wa kuchonga jina lake.

Kwaherini, na usiku mwema.